Abiria wa Uongo wa Kalundu

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri, maana nitakueleza kazi ambayo mama yangu mzazi hadi leo huwaeleza majirani kwa kusema kwamba binti yake anaharibu vitu kwa makusudi kisha anavitengeneza. Hajakosea sana. Ninaunda tovuti, na kabla tovuti haijafunguliwa kwa watu, ninaitafutia watu wa uongo waje waisukume mpaka ionyeshe mahali inapouma. Usiogope kama hujawahi kushika kompyuta. Kama umewahi kusubiri zamu yako kwenye bomba la maji, utanielewa.

Kwanza nikueleze tovuti hii ilitoka wapi.

Boti za kwenda mji wa Baraka hutoka Kalundu, bandari ya mji wetu wa Uvira. Barabara ipo, lakini mvua ikishuka kutoka milimani mito huikata, na mtu mwenye mtoto na mzigo huona afadhali apite ziwani. Kwa hiyo siku za safari lango la bandari hujaa. Karani alikuwa akisimama langoni na karatasi yake, akiandika jina la yule aliyemfikia kwanza, na aliyemfikia kwanza alikuwa ni mwenye nguvu. Kwa miaka mingi nafasi kwenye boti ilipatikana kwa kiwiko. Wanawake wenye watoto mgongoni waliandikwa mwisho, na wengine walirudi nyumbani na mizigo yao kusubiri boti nyingine.

Palikuwa na mama mmoja, mfanyabiashara wa ndagala kavu, dagaa wa ziwani, aliyekuwa prezidanti wa chama cha wamama wanaosafiri kwa boti hizo. Sote tulimwita Mama Prezidanti. Siku moja alimwona mwanamke aliyetoka kujifungua juzi tu akiangushwa pale langoni, na watu wakimruka kama wanavyoruka gunia. Mwanamke aliinuka, mtoto alikuwa mzima, lakini Mama Prezidanti hakulisahau jambo lile. Aliwaendea wenye boti akawaomba waache watu wajiandikishe kwa simu kabla ya siku ya safari. Walimkatalia. Alirudi tena, wakamkatalia. Alipoendelea kurudi, mkubwa wao akachoka. Huyo alikuwa mzee wa moja ya familia za Kiislamu zilizokaa Uvira tangu enzi za biashara ya zamani ya ziwa, na mji mzima ulimwita Hadji.

Hadji alikubali boti moja tu, ile ya kwanza ya likizo kubwa, wakati wanafunzi wanaporudi kwa wazazi. Nafasi zingefunguliwa kwenye simu Jumamosi asubuhi. Zikienda vizuri, boti zote zingefuata. Tovuti ikianguka, lango lingebaki kama lilivyo, na Mama Prezidanti asingeruhusiwa kulitaja tena jambo hilo katika mkutano wowote. Akakubali mbele ya wote. Kisha akaja kwangu, maana alikuwa ameona tovuti ndogo niliyolitengenezea kanisa letu la mtaani, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akafungua kitambaa chake cha kichwa na kukifunga upya.

"Binti yangu," akasema, "minye nimeisha kusema ndiyo. Sasa weye uniambie nilisema ndiyo ya nini."

Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe. Tovuti haiwezi kukaa hapa Uvira, kwa sababu umeme wetu unakatika wakati wowote. Inakaa kwenye kompyuta za kukodi. Kuna kampuni za mbali zenye majengo makubwa yaliyojaa kompyuta zinazovuma mchana kutwa. Unalipia kadiri unavyotumia, ukitaka kubwa zaidi unapewa, ukitaka nyingi unapewa, na ukimaliza unazirudisha. Watu wa kazi yetu wanaziita wingu, lakini hakuna wingu lolote. Ni nyumba yenye kuta, na mlinzi, na bili.

"Na ile kompyuta iko wapi?"

Nikamwambia iko ng'ambo, Ulaya.

"Na mwenyewe anajua Kalundu?"

"Hajui, mama."

"Basi siku tukimwendea wote mara moja, atatuweza namna gani?"

Swali hilo ndilo kazi yenyewe. Wenzangu wanaliita jaribio la mzigo. Wapagazi wa Kalundu wakiweka ubao mpya kati ya gati na boti, hawaanzi na magunia ya saruji. Mmoja anapanda mikono mitupu, anaruka kidogo katikati, anasikiliza. Kisha anapita na gunia moja. Kisha wawili wanapishana. Wanataka ubao uwaambie udhaifu wake wakati hakuna mtu atakayeanguka majini. Mimi nami niliandika programu ndogo inayojifanya abiria. Inafungua ukurasa, inachagua boti, inaandika jina, inatulia kidogo kama mtu anayesoma, kisha inathibitisha. Usisahau hapo pa kutulia. Abiria wa uongo asiyetulia hafanani na mtu, na jaribio lake litakudanganya. Baada ya hapo unaiamuru programu iwe watu kumi kwa pamoja, halafu hamsini, halafu mia, unaongeza taratibu huku ukitazama tovuti inavyohema.

Kuna adabu pia. Kompyuta si zako, umekodi, na anayekukodisha akiona umati unakuja ghafla anaweza kudhani ni uvamizi. Nilisoma masharti yao, nikawaandikia kuwaeleza ninachotaka kufanya. Wakajibu kwamba kwa ukubwa wangu hakuna tatizo. Nadhani walitabasamu.

Jaribio la kwanza lilianguka mapema sana, kabla hata sijamaliza chai. Nilitafuta sababu nikaipata: kila abiria alikuwa akifungua mlango wake wa ghala ambamo majina yanahifadhiwa, na akimaliza hakuufunga. Milango ikaisha. Nikatengeneza milango michache inayopokezanwa. Jaribio lililofuata halikuanguka, lakini lilikwenda polepole kama mtu anayepanda milima ya Bijombo na gunia la viazi, kwa sababu kila aliyefungua ukurasa aliilazimisha kompyuta kuhesabu upya viti vyote vya boti. Nikaifanya iweke hesabu tayari, ibadilishe tu mtu anapothibitisha. Mara hii ikaenda kwa kasi, na ndipo nikaona jambo baya kuliko yote: abiria wawili wa uongo walikuwa wamepewa kiti kimoja. Walibonyeza kwa wakati uleule, kompyuta ikawaambia wote wawili karibu.

Kama wewe ndiye unayejifunza kazi hii, hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na ninakuomba usikate. Tovuti inayoanguka mbele yako peke yako inakufanyia wema. Fikiria kiti kimoja, wanawake wawili, na boti imeshaondoka gatini. Nilikaa siku nzima na kosa lile. Niliandika, nikajaribu, nikafuta, nikaandika tena, mpaka kiti kikawa kinashikwa na mtu mmoja tangu anapokigusa, na mwingine anaambiwa achague kingine. Dada yangu ana paneli ya jua juu ya bati. Ndiyo iliyonilisha umeme siku zile. Alikuwa akipita nyuma yangu na kuuliza kama batu bangu, wale watu wa uongo, bamekufa tena.

Hatimaye hawakufa. Niliwaongeza mpaka wakawa wengi kupita wanaoweza kubebwa na boti zote za Kalundu zikifungwa pamoja, na tovuti ikasimama. Nikampigia Mama Prezidanti aje aone. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mstari mmoja unaopanda, hao ndio watu, na mwingine uliolala chini umetulia, huo ndio muda wa kusubiri.

"Hawa batu bote bameingia?" akauliza.

"Wameingia."

"Na hakuna aliyesukumwa?"

"Hakuna."

Akautazama ule mstari kwa muda. "Basi hawa si batu ba Kalundu," akasema, na tukacheka wote wawili.

Nilicheka, lakini neno lile lilibaki kichwani. Ni kweli, hawakuwa watu. Nikamwambia kwamba kabla ya Jumamosi ningependa kuona wa kweli, hata wachache, wakibonyeza mahali wanapobonyeza siku zote. Tukakubaliana Alhamisi, chini ya kibanda cha mabati karibu na lango, na yeye akasema atamwita Hadji naye aje aone, ili asiseme baadaye kwamba tulimficha.

Wamama walikuja na simu za kila aina. Moja ilikuwa na kioo kilichopasuka kama njia za panya, nyingine ilifungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Mwenye hiyo ya mpira alitaniwa mpaka akaificha.

"Ile telefone yako iko inaomba pansheni," mwenzake akamwambia.

"Iache. Imeona marehemu bwana yangu, itaona na yako."

Hadji alikuja na kofia yake nyeupe, akapewa kiti pembeni, akatusalimia wote kwa heshima.

Sasa nikueleze jambo moja la pale. Karibu na lango kuna kioski ya dada mmoja mwenye antena inayotazama angani. Anauza intaneti kwa kuponi: unalipa, unapewa namba za siri, unaingia. Watu wa bandarini wanaipenda, kwa sababu pale ufukweni simu nyingi hunasa mawimbi ya Burundi bila kutaka na kula salio la mtu kabla hajasema halo. Kwa hiyo abiria anazima intaneti ya rezo, yaani ya mtandao wa simu yake, ananunua kuponi, anaingia kwa dada. Mimi nilijua hivyo. Kila mtu wa Uvira anajua. Nami nilikuwa nimenunua kuponi pale mara nyingi, nikakaa kwenye benchi lake, nikatuma kazi zangu. Lakini sikuwa nimeliweka jambo hilo mbele ya macho nilipokuwa nikiwaunda abiria wangu.

Mama Prezidanti akainua mkono, akaushusha, wote wakabonyeza. Wachache wa kwanza wakaingia na kufurahi. Halafu simu moja baada ya nyingine ikaanza kuandika maneno yaleyale, maneno niliyoyaandika mimi mwenyewe: Umebonyeza mara nyingi mno. Rudi baadaye.

"Mara nyingi?" mwenye simu ya mpira akasema. "Minye nimebonyeza mara moja, tena kwa heshima."

Wakacheka. Kisha mwingine, aliyekuwa ameketi nyuma na mtoto mapajani, akasema bila kucheka, "Hata mashini iko inatuambia turudi kesho, sawa na karani."

Hapo kicheko kikaisha. Hadji akainuka akaja nilipokuwa. Sikuona furaha usoni mwake.

"Binti," akasema kwa sauti ya chini, "muke wa mwanangu pia anasafiri na mutoto. Minye ningependa iende. Lakini Jumamosi ni Jumamosi."

Akaondoka. Wamama nao wakatawanyika mmoja mmoja, wengine wakinipapasa bega walipopita, kama unavyompapasa mtu aliyefiwa. Mama Prezidanti alibaki. Alikuwa anakunja mkeka mmoja uliokuwa pale, anaukunja taratibu kupita kiasi.

"Imekufa?" akauliza bila kunitazama.

"Haijafa, mama. Imekataa. Si kitu kimoja."

Nikamweleza tofauti, na wewe ushike hapa. Tovuti iliyozidiwa haisemi chochote. Ukurasa unabaki mweupe, unazunguka na kuzunguka. Hii yetu ilikuwa na nguvu ya kujibu kila mtu, tena upesi. Ilijibu hapana. Maana yake nguvu ilikuwepo, na kulikuwa na mahali fulani palipoamua kukataa. Anayekataa ana sababu, na sababu inaweza kutafutwa.

"Basi tafuta," akasema, akaketi juu ya mkeka ule aliokuwa ameukunja.

Nilikuwa na simu yangu. Nikaifungua kwa forfe yangu mwenyewe, bando la simu, bila kuponi: tovuti ikafunguka mara moja. Nikaingia kwa kuponi ya kioski: ikakataa. Nikatoka, ikakubali. Nikarudi, ikakataa. Nilifanya hivyo mpaka dada wa kioski akaniuliza kama nimeamua kucheza na milango yake. Nikamwuliza, watu wote waliokuwa wameketi hapa walipita kwako? Akasema wote, hata Hadji.

Nikaelewa, na nikaona aibu kidogo na nafuu kubwa.

Kila anayekwenda kwenye intaneti huonekana na anwani, kama nyumba. Lakini antena ni nyumba moja yenye mlango mmoja. Wakitoka humo watu hamsini, kompyuta ya mbali haioni hamsini; inaona mlango mmoja unaofunguka na kufungwa kwa fujo. Na mimi nilikuwa nimeweka mlinzi kwenye tovuti, programu inayohesabu mibonyezo kutoka kila anwani. Ikizidi, mlinzi anadhani ni mwizi, anafunga. Mlinzi wa namna hiyo anasaidia sana mahali ambapo kila mtu ana intaneti yake. Kwenye majaribio yangu hakuwahi kuamka, kwa sababu nilikodi kompyuta katika sehemu mbalimbali, na abiria wa uongo walitoka kwenye milango mingi, huyu huku, yule kule. Nilitengeneza umati ambao watu wake hawakai pamoja. Kalundu watu hukaa pamoja.

Nilipomweleza Mama Prezidanti, akafikiri kidogo akasema kuna jambo lingine ambalo huenda nalo litamwamsha huyo mlinzi wangu. Pale bandarini hakuna atakayejiandikisha peke yake. Mwenye simu nzuri humwandikia mama mkwe, na jirani asiyesoma, na yule aliyeshuka toka milimani bila simu. Kukataa kumwandikia mwenzako ni kama kunywa maji mbele ya mwenye kiu. Nilijua hilo pia. Nimemwandikia shangazi yangu vitu vya kila aina kwenye simu. Lakini abiria niliowaunda kila mmoja alikuwa na simu moja, jina moja, safari moja.

Jioni ile nilimpigia mwenzangu wa Bukavu tuliyesoma naye. Akaniambia, ng'oa mlinzi, kazi imekwisha. Ningeweza. Lakini fikiria: bila mlinzi, mtu mmoja mwenye programu kama yangu angeweza kuchukua viti vyote kwa dakika chache, kisha akasimama langoni kuviuza. Kiwiko kingerudi kimevaa suti. Kwa hiyo sikumng'oa. Nilimfundisha kuhesabu kitu kingine. Badala ya kuhesabu mlango, ahesabu namba ya simu iliyothibitishwa kwa ujumbe mfupi. Na kila namba iruhusiwe kuandika majina kadhaa, ya familia na ya benchi zima, mradi kila jina liwe la mtu tofauti. Ujumbe kwa wenye namba za Burundi huchelewa kufika, basi nikaongeza muda wa kuusubiri. Na nikaweka mstari: wakija wengi kwa pamoja, kila mmoja aoneshwe yuko wapi kwenye foleni, asiachwe na ukurasa mweupe. Mtu anayejua nafasi yake kwenye bomba hupunguza kusukuma.

Ijumaa asubuhi nilirudi kioski na kompyuta yangu. Nilimwomba dada aniachie antena yake kabla wateja hawajawa wengi, akakubali, akasogeza sufuria ya chai ili nipate pa kuweka. Sasa abiria wote wa uongo nikawapitisha mlango ule mmoja. Nikawafanya pia wabonyeze mara mbili mbili, kama mtu mwenye haraka anavyofanya akidhani simu haijamsikia. Nikawapa namba za simu za uongo zilizohesabiwa kuwa zimethibitishwa, na wengine nikawapa ndugu wa kuwaandikia. Mlinzi aliwatazama wote wakipita, hakumzuia hata mmoja.

Lakini walipita kwa kutambaa. Sasa tatizo halikuwa mlinzi, wala kompyuta ya mbali. Ilikuwa antena: bomba jembamba, na ndani yake nilikuwa nikijaribu kupitisha gogo. Gogo lenyewe lilikuwa picha. Hadji alikuwa amenipa picha kubwa ya boti yake, iliyopakwa rangi mpya, yeye mwenyewe amesimama mbele na mkono kiunoni, na nilikuwa nimeiweka juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Kila abiria, kabla hajaona kiti, alilazimika kumshusha Hadji mzima kutoka Ulaya.

Nilitembea mpaka dukani kwake. Alikuwa anapima kitambaa, mke wake ameketi nyuma ya meza. Nikamweleza yote, tangu mlango hadi bomba. Alisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye picha.

"Sasa batu batajua namna gani ni boti ya nani?"

"Hadji, wanaijua. Wanaiona toka Kalundu mpaka Baraka."

"Na minye?"

"Na wewe pia wanakuona."

Akakunja kitambaa. Ndipo mke wake akasema bila kuinua kichwa, "Toa ile picha, binti. Hata hapa dukani tumbo lake liko linaingia polepole."

Hadji alijaribu kukasirika, ikamshinda. Akacheka mpaka akavua miwani. "Toa," akaniambia. "Jumamosi ikienda muzuri, utairudisha. Ndogo."

Nilirudi kioski nikaitoa. Nikawapitisha abiria tena, na tena, wachache, wengi, wengi zaidi. Walipita. Dada wa kioski alinimiminia chai bila kuniuliza, nami nikaendelea mpaka wateja wake wa kweli walipoanza kudai benchi lao.

Jumamosi asubuhi nilikaa palepale. Mama Prezidanti alisimama langoni amejifunga kitenge kipya, hakuniangalia, na nikajua ni kwa hofu. Saa ilipofika watu wakabonyeza. Kwenye kompyuta yangu mstari wa watu ukapanda, mkali kuliko wowote nilioutengeneza, na mstari wa kusubiri ukainuka nao kidogo, ukasita, ukashuka. Kwenye benchi watu walikuwa wameinama juu ya simu, wakiambizana namba za foleni. Kijana mmoja alijaribu kupenya katikati yao kwa mazoea, mwanamke akamzuia kwa kiganja.

"Usinisukume, weye. Mustari iko mu telefone."

Kulikuwa na wakati mmoja ambapo watu kadhaa walisubiri ujumbe na haukuja, nikaanza kujiuma mdomo. Halafu ukaja, simu zikalia moja baada ya nyingine. Viti vikaisha. Hakuna kiti kilichopewa watu wawili. Nilikagua mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Siku ya safari nilikwenda kutazama. Karani alikuwa langoni, lakini sasa alisoma majina kwa mpangilio, na anayeitwa alipita. Kulikuwa na kelele, Kalundu haiwezi kukosa kelele, lakini watu walikuwa wamesimama. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mchanga mgongoni aliposikia jina lake hakusogea mara moja. Nadhani alikuwa anasubiri kusukumwa. Mama Prezidanti akamshika mkono akampeleka mpaka kwenye ubao, na yule mama akapanda akitembea, akakaa, akamgeuza mtoto mbele akamnyonyesha kabla injini haijawashwa.

Hadji alikuwa amesimama karibu. Akamwuliza Mama Prezidanti, "Na boti inayofuata, tufanye hivi tena?"

"Tulisema boti zote," akajibu.

Hadji akatazama ziwa, kisha akatikisa kichwa kukubali. "Zote."

Mama Prezidanti hakushangilia. Alinigeukia palepale akaniambia kwamba wanaorudi watapandia Baraka, na huko hakuna dada mwenye antena. Watu wanatumia rezo nyingine, na wengi hukaa sokoni, si bandarini. Akaniuliza nitakwenda lini. Nikamwambia, kwa boti hiyohiyo kama kuna kiti. Hakukuwa na kiti. Nilijiandikisha kwa inayofuata, kwenye foleni, kama wengine.

Nawe ukitengeneza kitu kitakachotumiwa na watu wengi kwa pamoja, fanya hivi. Kabla hujakodi kompyuta za kukijaribu, nenda mahali watu wako watakapokuwa wameketi siku hiyo. Nunua intaneti ileile wanayoinunua wao. Waulize nani humwandikia nani. Kisha endesha jaribio lako ukiwa umekaa hapohapo, na usifungue mlango kwa watu mpaka lipite kutoka hapo.